Kachero Aliyekalia Ushahidi

Mama anayetunza vyombo vya kikundi aliniangalia, akaliangalia sufuria, akaniangalia tena.

"Mwanangu, sufuria hili likitoka humu ndani linakwenda kwenye shughuli au linakwenda msibani. Wewe una lipi?"

"Nina filamu, mama."

"Filamu ni shughuli au msiba?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alifungua kaunta buku lake, akaandika tarehe, ilikuwa Februari 2019, akaandika "sufuria la kilo ishirini na mfuniko wake", na kwenye sababu ya kuazima akaacha wazi. Nikalibeba na kijana mmoja mpaka kwenye chumba tulichokuwa tumekigeuza ofisi ya mpelelezi, huku Mwananyamala, jasho likinitoka, nikijiona tayari nimeshakuwa mtu wa filamu.

Kazi yangu ni kupiga video za shughuli. Harusi, kipaimara, maulidi, kichen pati, mara mojamoja mahafali ya chekechea. Wakati huo nilikuwa na miaka tisa nyuma ya kamera, na ukipiga harusi miaka tisa unajua mengi kuhusu mwanga na kuhusu mashangazi, ila kuhusu hadithi hujui kitu. Harusi inakuja na mwisho wake tayari. Hakuna mgeni anayekaa ukumbini hadi saa sita usiku akijiuliza kama bibi harusi atapatikana.

Lakini nilikua na vitabu vya upelelezi, vile vya kuazimana hadi jalada linatoka. Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla, kiko mdomoni, katulia wakati wengine wote wamepagawa. Willy Gamba wa Elvis Musiba, bastola kiunoni na mji mzima unamtafuta. Nikajiuliza, je, akiwepo mmoja asiye na kiko wala bastola? Ana koti, daftari na nauli ya kwenda tu. Nikamwita Kachero Nusunusu, kwa sababu kila kesi anaifikisha katikati.

Hadithi niliiandika hivi. Mtaa umepotelewa na sufuria kubwa la shughuli siku mbili kabla ya harusi. Akina mama wanamkodi Nusunusu kwa ahadi ya pilau. Anamhoji muuza chapati, anamfuatilia fundi bati, anamshuku mjumbe wa nyumba kumi kwa sababu ya ukubwa wa tumbo. Dakika ya 58 anainuka kitini kwa mbwembwe ili amtaje mwizi, kitambaa kinaanguka, na hapo ndipo tunaona kwamba kile kiti alichokalia ofisini tangu mwanzo ni sufuria lenyewe, limepinduliwa. Aliliazima mwenyewe wakati wa mgao wa maji, akasahau.

Dakika 58 za fumbo! Nilimsimulia mke wangu usiku ule ule. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa watu watacheka saa ngapi?" Nikamwona hajaelewa.

Tulikuwa na shilingi milioni moja na laki nane. Zaidi ya nusu iliishia kwa mama ntilie. Hili hakuna aliyenitahadharisha: kamera ninayo, taa ninazo, marafiki wanakuja bure, lakini rafiki wa bure naye saa saba mchana anataka wali. Siku ya tatu nilianza kufuta wahusika kwenye hadithi kwa kuhesabu sahani.

Kachero wetu alikuwa dereva wa bajaji. Yeye sikumlipa ujira wa uigizaji, nilimlipa hesabu. Kila jioni bosi wake anataka elfu ishirini yake, na bosi haulizi kama ulishinda barabarani au ulishinda mbele ya kamera. Siku ya kwanza aliniharibia kichwa. Alikuwa analegeza macho, anavuta mdomo pembeni, anatembea kama bata. Watu kumi na moja tuliokuwa pale tukamwangalia kama tunaangalia ukuta. Tukapumzika. Simu yake ikaita, alikuwa bosi, na jamaa akasimama wima ndani ya koti lake akasema kwa heshima zote, "Hapana bosi, sijalala. Nipo kwenye upelelezi." Mshika taa alikaa chini kwa kucheka. Kuanzia hapo maelekezo yangu yote yalikuwa sentensi moja: ongea na huyu kama unaongea na bosi. Ukimtazama vizuri Mzee Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, utaona mara nyingi hachekeshi kwa kuchekesha. Anakasirika kikwelikweli kwa jambo la shilingi mia, basi.

Sasa hilo koti. Nililipata mitumba ya Karume, refu, la rangi ya kahawia, la mtu wa nchi yenye baridi. Nilinunua moja, kwa sababu mitumba ni hivyo, kila kitu kipo kimoja. Februari ya Dar mnaijua. Baada ya dakika kumi mgongo umeloa, baada ya ishirini koti limebadilika rangi hadi mkiani. Tukipiga ameingia mlangoni, koti kavu. Tukipiga amekaa, koti bichi. Ukiziunganisha hizo picha mbili, mtu ameingia mkavu na amekaa amelowa, unajiuliza amepitia kisima gani. Tulianza kulikausha kwa pasi. Halafu binti aliyekuwa anashika kumbukumbu za mavazi, akili yake Mungu aizidishie, akasema tunahangaika upande usio sahihi: badala ya kulikausha, tulilowanishe lote asubuhi na liwe hivyo siku nzima. Tukachukua ndoo. Kwenye filamu nzima Nusunusu ana koti bichi, na kuna watu waliniuliza lile lina maana gani.

Ofisi yake ilikuwa na taa ya tyubu, na hapo nilipata aibu ya kitaalamu. Picha za siku ya kwanza zilikuwa na mistari myeusi inayopanda ukutani polepole kama siafu. Harusini sijawahi kuiona kwa sababu natumia taa zangu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu ya zamani inapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Kamera yangu ilikuwa imewekwa picha 30 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, ya 1/60 ya sekunde, hesabu za nchi zenye umeme wa hezi 60. Nikaweka picha 25 na shata 1/50, mistari ikafa papo hapo. Siku nzima ya kazi tukaitupa kwa kitu cha kugeuza kwa kidole gumba.

Na kwa kuwa sikuwa na rifulekta, mfuniko wa sufuria ukapata kazi. Ulikuwa alumini, mpana kama meza ya kahawa, umesuguliwa kwa mchanga na majivu na akina mama wale hadi unajiona ndani yake. Kijana anasimama nje ya dirisha, anaukamata mwanga wa jua kwa mfuniko, anaurusha usoni kwa kachero. Mwanga wake ni mkali, unachoma, ila ukiupaka vumbi kidogo la unga wa ngano unalainika. Mpiga picha wangu wa pili aliupenda mno. Akaanza kutembea nao kwapani kila mahali kama kifaa chake. Kumbukeni hilo.

Jioni nilishajua, kwa sababu ya harusi za ufukweni: jua la Dar halimsindikizi mtu. Hapa ni kama digrii 7 kusini mwa Ikweta, likishagusa maji halina kuaga kurefu. Nusu saa baadaye unapapasa. Kwa hiyo picha zote za jioni tulizifanyia mazoezi mchana, kila mtu anajua pa kusimama, halafu tunalisubiri kama daladala ya mwisho.

Sauti ndiyo iliyonifunza unyenyekevu. Mtaa hauzimwi. Ukisubiri adhana imalizike, mashine ya kusaga inaanza. Mashine ikinyamaza, jirani amefungua redio. Siku moja kachero anamhoji muuza chapati, maneno mazito, "Nani mwingine alikuwa humu ndani usiku ule?" Kabla mama hajajibu, yule jamaa wa baiskeli na kipaza sauti akapita nje: "Dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, utitiri..." Kachero wangu hakugeuka, hakucheka. Akafungua daftari na kuanza kuandika majina. "Rudia la mwisho," akasema. Mama wa chapati, ambaye si mwigizaji bali ni muuza chapati, akajibu, "Utitiri." Akaandika.

Sikuwa nimekiandika mimi hicho, na ndicho kitu bora kilichomo kwenye filamu yangu. Nakiri bila wivu. Wivu kidogo.

Siku ya tano asubuhi walikuja vijana watatu na toroli. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alikuwa amefariki usiku, na sufuria linahitajika. Kachero alikuwa amelikalia, kamera inatembea. Hawakupaza sauti, walisimama mlangoni wamevua kofia, na mmoja akasema, "Kaka, samahani, tuna msiba." Jamaa akainuka. Tukazima taa, tukasaidia kulipakia, na mchana wote tukaenda kule kushika maturubai na kupanga viti. Hakuna aliyeniambia niache kazi siku hiyo. Ila jaribu wewe kupiga kichekesho mita mia mbili kutoka kwenye msiba, halafu uje uishi mtaa huo huo.

Ili tuendelee nikakodi sufuria jingine kwa wakodishaji wa vyombo. Saizi ile ile, lakini lina alama ya rangi nyekundu ubavuni, herufi mbili za mwenye mali, kama vyombo vyote vya kukodi. Tukaigeuzia ukutani. Nikajipa moyo kwamba hakuna mtazamaji atakayechunguza ubavu wa kiti.

Halafu siku ya saba. Hii nairefusha kwa sababu bado inanijia usiku.

Nusunusu alitakiwa kumfuatilia dada mmoja mwenye ndoo, akijibanza nyuma ya nguzo za umeme. Dada ni mwenzetu, anajua. Wapita njia hawajui, ndivyo nilivyotaka, nione nyuso za kweli. Kamera nikaiweka ghorofani, lenzi ya kuvuta, mita mia hivi. Kibali tulikuwa nacho. Sheria ya filamu ni ya mwaka 1976 na iko wazi, hupigi filamu bila kibali, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye nilimpa taarifa. Kibali kilikuwa mfukoni mwangu. Mimi nikiwa ghorofani.

Kumbe mwanamume aliyevaa koti bichi saa nane mchana, anayemnyemelea dada wa watu kutoka nguzo hadi nguzo, hahitaji maelezo. Kijana mmoja wa bodaboda akamwita, "We koti! Unamfuata nani?" Na kachero wangu, ambaye nilishamfundisha asitoke kwenye uhusika hata nyumba ikiungua, akajibu kwa utulivu: "Mimi ni mpelelezi."

"Wa wapi? Toa kitambulisho."

Akatoa. Tulimtengenezea sisi wenyewe, picha ya pasipoti na maandishi ya kalamu ya bluu. Kwenye lenzi nikaona kijana anakisogeza karibu na macho. Baadaye niliambiwa alichosema: "Huu mhuri wa kiazi huu!" Ilikuwa kweli. Nilikichonga mimi. Walikuwa wanne, wakawa kumi, halafu sikuweza kuhesabu, na neno lile ambalo hapa mjini hutaki kulisikia likitamkwa karibu yako likatamkwa. Nilishuka ngazi zile sijui vipi. Dada wa ndoo alikuwa anapiga kelele kwamba ni filamu, hakuna anayemsikia. Nilipofika, jamaa ameshashikwa kola na koti limechanika bega.

Aliyemwokoa si mimi wala kibali. Mama ntilie wa kona ile alipenya katikati na mwiko mkononi. "Huyu si dereva wa bajaji? Huyu namdai elfu mbili ya wali maharage! Mkimpiga nani atanilipa?" Watu wakacheka. Kidogo tu, lakini mikono ikalegea. Mtu anayedaiwa wali ni mtu wa hapa.

Kamera ilibaki kwenye stendi ghorofani na ilirekodi yote. Wenzangu wakasema ndiyo hiyo, weka. Sikuiweka. Ukiutazama ule uso hutaona Nusunusu, utamwona baba wa watoto wawili. Nilimlipa mama elfu mbili zake, nikaenda kwa mkewe jioni kuomba radhi, na tangu siku hiyo kila tukitoka barabarani kulikuwa na watu wawili wenye fulana zinazofanana na kipaza sauti, wakitangaza nusu saa kabla. Nyuso za kweli nilizozitaka zikawa nyuso zinazochungulia kamera. Sawa tu.

Filamu ikawa dakika 64. Kabla ya kuionyesha kokote nilimwomba mwenye kibanda umiza kimoja anipe nafasi kabla ya mechi ya jioni. Mabenchi ya mbele watoto, nyuma watu wazima wanaosubiri mpira na hawakuja kwa ajili yangu. Nikakaa karibu na mlango.

Dakika kumi za kwanza kimya. Vichekesho nilivyovipanga kwa mahesabu vilipita kama gari la maji. Dakika ya 11 Nusunusu akaketi, kitambaa kikavutika kidogo, na mtoto wa benchi la mbele, miaka minane labda, akaruka: "Kakalia sufuria! Oneni masikio!"

Fumbo langu la dakika 58 limekufa dakika ya 11. Nilitazama mlango.

Halafu kikaanza kitu. Nusunusu akauliza, kwa uso ule wa kuongea na bosi, "Sufuria kubwa namna ile linaweza kufichwa wapi?" Banda zima la watoto likamjibu: "Umelikaliaaa!" Akambana muuza chapati kwa maswali, wakamjibu. Akainuka kwenda dirishani, wakashika vichwa. Akarudi akaketi pale pale, wakaanguka. Wale wa mpira nyuma wakaacha simu zao. Mmoja wao akasema kwa sauti, "Lakini mbona sufuria limebadilika? Hili la sasa la kukodi, lina rangi." Alama ile tuliigeuzia ukutani, isipokuwa mara moja. Aliiona hiyo mara moja.

Nilikuwa nimekosea toka kwenye karatasi, na mke wangu aliliona kwa swali moja. Kwenye vitabu vile nilivyovisoma, Bwana Msa anajua na mimi msomaji sijui, raha yangu ni kumngoja. Huyu wa kwangu hajui chochote. Kama na mtazamaji naye hajui, basi tuko wajinga wawili gizani, na hakuna anayemcheka mwenzake. Nilichotakiwa kuficha si mahali sufuria lilipo. Ni namna lilivyofika pale. Hilo la mgao wa maji hakuna mtoto aliyelibahatisha, na lilipotoka mwishoni lilipata kicheko chake halali.

Nikairudisha mezani. Kitambaa nikakiondoa, sufuria likaonekana kuanzia picha ya kwanza kabisa. Mahojiano manne nikayakata. Mama wa vyombo akaniazima lile lile la kwanza kwa saa mbili, na tukapiga vipande vitatu vipya: analipiga vidole kama ngoma huku akifikiri, na linalia ngong, ngong, naye anauliza "Nani huyo?" Jamaa alikuwa ameshanyoa masharubu, tukamchora kwa wanja. Ikabaki dakika 47. Msambazaji mmoja wa Kariakoo alinipa bei ambayo siitaji kwa heshima ya kachero, nikakataa, nikaiweka YouTube na kuizungusha kwenye vibanda kwa kugawana kiingilio. Pesa haijarudi yote. Imerudi nusunusu.

Sufuria nililirudisha jioni ile ile, nimelisugua mwenyewe. Mama akalikagua nje, ndani, akagonga kitako. Akafungua kaunta buku.

"Na mfuniko?"

Nilimpigia mpiga picha wa pili. Alisema aliuacha dirishani. Dirishani haukuwepo. Kwenye bajaji haukuwepo, ghorofani haukuwepo, kwa mama ntilie wa kona haukuwepo, ingawa alinikumbusha kwamba jamaa anadaiwa tena. Nilipeleka pesa ya mwingine. Mama alizipokea, akasema mifuniko ya saizi ile haiuzwi peke yake, na hakufuta mstari.

Mwaka jana nilikwenda msibani mtaa wa pili. Pilau lilikuwa jikoni uani, ndani ya sufuria lile, nalitambua kwa kibonyeo cha ubavuni. Juu yake walikuwa wameweka kipande cha bati, na juu ya bati tofali zima ili mvuke usitoke. Yule mama alikuwa anapakua. Nilipanga foleni, nikapokea sahani yangu, nikaenda kukaa mbali.